Koki Isiyovuja Jumapili

Mimi ni fundi bomba, huu mwaka wa thelathini na moja, na mdomo wangu hauna breki. Nimeambiwa hivyo na wengi, mke wangu akiwa wa kwanza, kwa hiyo nawaomba mnivumilie. Ninayetaka kuwaeleza habari zake ni dada yangu, mdogo wangu wa pekee, tumbo moja na mimi. Nikijisahau nikaanza kujisifu mwenyewe, ngojeni kidogo, nitarudi kwake.

Watu wanamwita Bi Wenzako. Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye duka la kuazimisha kanda za video. Duka lenyewe chumba kimoja, rafu tatu za mbao, feni inayolalamika darini, na kaunta aliyokaa yeye asubuhi mpaka jioni. Aliajiriwa kupokea kanda na kuzirudisha mwanzo kwa mashine. Kazi ya kumsinzisha mtu! Mwingine angelala. Yeye akanunua daftari nene, na kila mteja akiazima kanda, anaandika. Akirudi kuchukua nyingine, anaandika. Hakuna aliyemtuma.

Baada ya nusu mwaka, mteja akisimama mbele ya rafu anakuna kichwa, dada anafungua daftari lake. "Wenzako waliochukua ile uliyorudisha jana, wakija tena walichukua hii hapa."

"Wewe mwenyewe umeiona?"

"Sijaiona. Wenzako wameiona."

Basi, ndiyo ikawa Bi Wenzako, Bi Wenzako, hadi leo. Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mzee mkali, mtu wa kanda za vita tu. Hataki kingine. Siku moja dada akampa kanda ya mafunzo ya kufuga nyuki. Mzee akang'aka, "Mwanangu, mimi nimekuomba vita, wewe unanipa wadudu?" Dada hakutikisika. Akamwonyesha daftari: wapenzi wa vita watatu walichukua ile ya nyuki, na wote watatu waliirudisha wamechelewa. "Mzee, mtu harudishi kitu kwa wakati kama roho bado inakitaka. Kuchelewa nako ni kusema." Mzee akaondoka anabeua midomo. Alikaa nayo siku tisa, na baadaye akafuga nyuki kweli, mizinga minne nyuma ya nyumba yake, na asali yake tumeionja.

Mimi nilikuwa namcheka. Kanda zilipopitwa na wakati na duka likafungwa, dada alirudi nyumbani na madaftari kumi na saba kwenye sanduku. Nikamwambia ayawashie jiko. Aliyasukuma chini ya kitanda, akaenda kujifunza kompyuta akiwa mtu mzima, darasa moja na watoto waliokuwa wakimwamkia shikamoo kabla hawajamwelekeza kibonyezo. Akili ni nywele, jamani, kila mtu ana zake, na za dada yangu zilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani.

Alipofika miaka arobaini na mbili akapata kazi kwenye maktaba ya mtandaoni. Ofisi ipo ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, ukipanda ngazi harufu inapanda nawe. Wafanyakazi ishirini. Wanachoweka mtandaoni ni masomo mafupi ya video: mtu yeyote mwenye ujuzi anarekodi anachokijua, kushona kola, kupaka ukuta rangi, kumwogesha mtoto mchanga, kila kitu. Masomo elfu tisa. Sasa mtu ameingia humo, atajuaje cha kutazama? Atatazama moja alilolijia, ataondoka, na hayo mengine yatakaa kama hayapo.

Hapo ndipo kazi ya dada yangu inapoanza. Ukimaliza somo, chini yake inatokea rafu ndogo yenye masomo manne, na juu yake pameandikwa: Wenzako waliendelea na haya. Maneno hayo ni yake. Hayo manne hayachaguliwi na mtu. Kompyuta inafuata nyayo za watazamaji: waliotazama hili, wengi wao walifungua na lipi? Hilo ndilo linalopandishwa kwenye rafu. Ni lile daftari lake la dukani, ila sasa linajiandika lenyewe, na wateja hawahesabiki kwa vidole. Siku aliponieleza nilimuuliza kama yale madaftari bado yapo chini ya kitanda. Yapo.

Na yeye ndiye aliyenikamata nirekodi. "Kaka, hayo unayoyajua utazikwa nayo?" Akanisimamisha mbele ya simu yake kwenye karakana yangu, na koki moja mbovu mkononi, nieleze namna ya kubadilisha kimpira cha ndani koki inapodondosha maji. Mimi sijui kusema polepole. Kazi yangu ni ya kupaza sauti kutoka bafuni mpaka nje kwenye mita. Nikafoka: "Funga maji kwanza! Narudia, funga maji kwanza!" Dakika tatu na sekunde kumi, kazi imekwisha.

Loo! Baada ya mwaka na kitu, somo langu ndilo la kwanza katika maktaba nzima. Watazamaji elfu kumi na moja na ushee. Ukitazama kupamba keki, chini yake koki yangu ipo. Ukitazama kushona kola, koki. Kumwogesha mtoto, koki. Nikaota pembe, sifichi. Nilibandika ile namba kwenye mlango wa karakana kwa rangi nyekundu. Wateja wakilalamika nimechelewa nawauliza kama wanajua wanazungumza na nani. Mke wangu alisema siku hizi hata nikikohoa nakohoa kwa ajili ya watazamaji.

Wakati mimi navimba, dada alikuwa anakonda. Meneja wao, mama mmoja wa miwani ya kamba, mtu wa haki lakini hana muda wa porojo, alimwita akamkalisha chini. Watu wanatazama somo moja wanaondoka. Rafu haiwasaidii, mtu anayejifunza keki anaonyeshwa koki, anaona hawa hawajui wanachofanya. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Ikiwa rafu haitaamka, itaondolewa, na watu watatu pale ofisini watakaa mezani kuchagua masomo ya kuonyesha watu wote. Bi Wenzako atahamishiwa mapokezi, apokee simu.

Mapokezi! Mtu aliyekusanya nyayo za watu tangu ana miaka kumi na tisa! Aliniambia habari hiyo Jumapili, nyumbani kwangu, chakula kipo mbele yake na kijiko hakijapanda. Mafundi wa kompyuta walikuwa wamekagua kila kitu, wakasema mashine haina kosa, namba ndizo hizo.

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza.

"Namba ni kama mtoto mdogo, kaka. Anasema alichokisikia nyumbani. Sijui tu amekisikia kwa nani."

Mimi badala ya kumpoza nikaanza kujisifu, nyani haoni kundule. Nikatoa simu nimwonyeshe mstari wa watazamaji wangu. "Angalia, Jumatatu juu, Jumanne juu, Jumatano juu. Saa mbili asubuhi wanapanda, mchana wanapanda tena. Jumamosi na Jumapili karibu na sifuri. Wamepumzika, na mimi nimepumzika."

Dada akaweka kijiko chini. "Kaka, wewe unaitwa zaidi siku gani?"

"Jumapili, siku gani nyingine? Kila mtu yupo nyumbani anasikiliza koki yake. Leo tu nimezima simu ya kazi kwa sababu yako."

"Kwa hiyo koki za watu zinavuja Jumapili."

"Zinavuja siku zote, ila Jumapili ndiyo..." Nikaishia hapo. Sikujua nimesema nini, lakini niliuona uso wake, ule uso wa dukani akifungua daftari. Alibeba mkoba akaondoka, na mke wangu akasema chakula hicho atakila nani.

Jumanne akaja karakana, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza alichokigundua. Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, wafanyakazi wale ishirini wanafungua kompyuta zao. Kabla ya chochote wanajaribu kama video inacheza na sauti inatoka, kisha kila mmoja anafungua somo jipya analolishughulikia. Mchana wanarudia. Kompyuta hizo za majaribio zinaingia kila mara kama mgeni mpya. Na somo la kujaribia, kwa wote ishirini, lilikuwa langu. Fupi, na sauti inasikika mpaka chumba cha pili. Hivyo maktaba ikaona kuwa kila anayetazama koki anatazama na keki, na kola, na mtoto mchanga, na kila kitu. Wenzako wenyewe walikuwa watu wa ofisini.

"Nimeamua nyayo za ofisini zitolewe zote," akasema. "Za nyuma na za mbele."

"Nikitolewa hizo nabaki na wangapi?"

Hakupepesa. "Mia mbili na sita."

Jamani. Mia mbili na sita! Mlango wangu una elfu kumi na moja kwa rangi nyekundu! Nikamwambia aache, nani atajua? Akasema atajua yeye. Nikamwambia damu ni nzito kuliko maji. Akasema anayetafuta somo la kumwogesha mtoto hana habari na damu yetu. Hapo nikashikwa na hasira , nikasema neno ambalo nikilikumbuka hadi leo masikio yananiwaka. Nilisema: "Mimi nikifa nitaacha mabomba kwenye nyumba za watu. Wewe umekaa maisha yako yote unaandika watu wengine wamepita wapi. Hujawahi kutengeneza kitu kwa mikono yako, hata kimoja."

Alisimama, akaigeuza ile ndoo kama alivyoikuta, akaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki, nalijua hilo kuliko mtu yeyote, ni kazi yangu. Hatukusemezana siku kumi na moja. Mke wangu aliacha kunipakulia, akasema nijipakulie mwenyewe, watazamaji wangu watanisaidia.

Siku ya kumi na mbili nikapigiwa simu na mtu wa usafi wa ile ofisi. Koki ya jikoni inadondoka, imelowesha kabati, nije haraka. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka watu wakanigeukia. Ofisi iliyofungua somo la kutengeneza koki mara elfu kumi na moja, koki yao inavuja, na hapana hata mmoja anayejua kuitengeneza! Nilitaka kulisema hilo kwa sauti nikiingia. Nilipofika juu nikaona mlango wa chumba cha mkutano umefungwa, na kwenye kioo chake nakiona kitambaa cha kichwa cha dada yangu. Ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi. Nikaufyata.

Jiko lao limepakana na chumba hicho, ukuta ni wa mbao nyembamba. Nikalala chali chini ya sinki, spana mkononi, na kila neno linanifikia.

"Rafu imeamka," meneja alikuwa akisema. "Mtu aliyekuwa akitazama somo moja sasa anatazama matatu, manne. Nataka kujua nani aliiharibu mwanzo. Mafundi?"

"Ni mimi," akasema dada.

Nikaacha kuzungusha spana.

"Majaribio ya asubuhi niliyaanzisha mimi, na somo la kujaribia nililichagua mimi. Niliwaambia wenzangu ni kwa sababu ni fupi. Ukweli ni kwamba lile ni la kaka yangu. Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa ananiamsha niende shule, anapaza sauti kutoka uani. Nilipenda kuianza siku nikimsikia akifoka. Nikawapa watu ishirini wasikie na mimi, na sikufikiria kwamba mashine nayo inasikia."

Wallahi sikujua la kufanya na mikono yangu. Maji yalinidondokea usoni, na nashukuru yalidondoka, kwa sababu mtu wa usafi alikuwa amesimama pale ananiangalia.

Meneja akaguna. "Na kaka yako anasemaje?"

"Hasemi na mimi. Lakini kuna jambo moja nataka mlione kabla hamjaamua kuhusu rafu." Nikasikia karatasi. "Somo la kaka limebaki na watu mia mbili na sita wa kweli. Nimefuata nyayo zao mmoja mmoja. Wengine wametoka kwenye masomo ya ufundi, hilo tulilitegemea. Lakini watu sitini na mmoja wametoka kwenye somo la kumuuguza mgonjwa asiyeinuka kitandani. Sitini na mmoja, na hawajuani. Wa keki na wa kola nao walionyeshwa koki, wakaipita. Nimejiuliza kwa nini, nikashindwa. Kisha nikasoma ujumbe ulioachwa chini ya somo juzi. Naomba niwasomee."

Akausoma. Nimeuomba baadaye, ninao mpaka sasa kwenye pochi, kwa hiyo nauweka kama ulivyo:

"Namuuguza mama yangu. Koki ya bafuni ilikuwa inadondoka tone tone, wiki ya tatu hapati usingizi, na siwezi kumwacha peke yake nikatafute fundi. Nilikuwa natazama namna ya kumgeuza kitandani, chini yake nikaona wenzangu wameendelea na koki. Nikashangaa, kisha nikaelewa. Nimefunga maji kwanza, kama ulivyosema. Mama amelala."

"Tungekaa watu watatu mezani kuchagua," dada akasema, "nani kati yetu angeiweka koki karibu na mgonjwa? Mimi nisingeiweka. Wauguzaji wameionyeshana wenyewe kwa wenyewe, bila kuonana. Kazi yangu ni kuweka ile njia yao isizibwe. Mkinipeleka mapokezi nitaenda, kosa ni langu. Ila rafu msiitoe."

Sikusikia meneja amesema nini mara ile, kwa sababu nilikuwa nimetoka chini ya sinki, suruali imelowa, spana mkononi, nikafungua mlango wa mkutano bila hata hodi. Watu kumi wakaniangalia. Nilikuwa na maneno mengi, mnanijua, lakini yaliyotoka yalikuwa haya: "Koki yenu imepona." Kisha nikamwonyesha meneja dada yangu kwa spana, nikasema, "Huyu ni mdogo wangu." Basi. Mdomo usio na breki, siku hiyo ulizima kabisa.

Dada akasema, "Kaka, unadondosha maji kwenye zulia." Na akacheka, kicheko cha pua, kile cha utotoni.

Rafu haikuondolewa. Bi Wenzako hakwenda mapokezi. Amepewa chumba chake chenye dirisha, na yale madaftari kumi na saba yametoka chini ya kitanda, yamepangwa kwenye rafu nyuma ya kiti chake. Wageni wakija meneja huwaonyesha. Ile namba nyekundu nimeikwangua mlangoni, nimeandika sitini na mmoja. Wateja wakiniuliza maana yake nawasimulia habari za dada yangu mpaka maji yanafurika, na wakinung'unika nawaambia wafunge maji kwanza.

Kulibaki jambo moja. Ofisi bado inahitaji kitu cha kujaribia sauti asubuhi, kitu kisichowekwa kwenye maktaba wala kuhesabiwa. Nikajitolea mwenyewe. Nilirekodi palepale karakana, nimekalia ile ndoo, kwa sauti yangu ileile. Ni sekunde ishirini tu. Nasema: "Dada, nilisema hujawahi kutengeneza kitu. Nilikosea, nakuomba radhi. Haya, fanyeni kazi!"

Meneja aliisikiliza akasema ni fupi, inasikika vizuri, inafaa. Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, watu ishirini wananisikia nikimwomba dada yangu radhi, na mchana wanarudia. Hakuna mashine inayoandika. Jumapili ofisi imefungwa, kwa hiyo siku hiyo nampigia simu naisema mwenyewe.